Louisville, Quad Cities au Owensboro: mji upi wa mtoni utaifaa familia yako?

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hazikuchagua mji wao wa kwanza Marekani. Shirika lilipanga, ndege ikatua, ufunguo wa nyumba ukakabidhiwa. Mji wa pili ndio watu huuchagua wenyewe, mara nyingi baada ya ndugu au rafiki kupiga simu na kusema huku kuna kazi na kodi ina unafuu. Mazungumzo huishia hapo. Watoto watasoma wapi, watacheza wapi, Jumamosi mtakwenda wapi bila kumaliza hela, hayo huja kuulizwa lori la mizigo likiwa limeshashusha vitu.

Makala haya ni ya wale waliokwama katikati ya uamuzi huo. Nalinganisha sehemu tatu zilizo kandokando ya mto, kila moja na ukubwa wake. Louisville, Kentucky, kwenye mto Ohio, ilikuwa na watu wapatao 633,000 katika sensa ya 2020. Quad Cities ni miji iliyoungana kwenye kingo mbili za Mississippi: Davenport, yenye watu wapatao 100,000, na Bettendorf ziko jimbo la Iowa; Rock Island, Moline na East Moline ziko ng'ambo, jimbo la Illinois. Owensboro, Kentucky, nayo iko kwenye Ohio, na watu wake ni kama 60,000 tu. Zote tatu zimepokea wakimbizi kutoka Afrika, ingawa idadi zinatofautiana sana.

Vigezo

Kazi na kodi nimeziacha, kwa sababu hayo utakuwa umeshayauliza. Nimechukua mambo matatu: mapumziko, utamaduni na shule. Yote nayapima kwa swali moja. Mtoto wa miaka 13, baba yuko zamu ya mchana, mama anajiandaa kwa zamu ya usiku, gari ni moja: mtoto huyo anafikaje pale, na anarudije? Bustani nzuri iliyo kilomita 25 kutoka nyumbani, bila basi, kwa mtoto huyo ni kama haipo. Orodha za vivutio zimejaa kwenye tovuti za utalii, lakini swali hili hazilijibu.

Mapumziko

Louisville ina utajiri ambao miji mingi mikubwa inautamani. Mwaka 1891 jiji lilimpa kazi Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wawili wa Central Park ya New York, awabunie wakazi bustani. Tatu kubwa ziligawanywa kwa makusudi: Shawnee magharibi kando ya mto, Cherokee mashariki, Iroquois kusini. Leo bustani zilizotokana na kazi yake na kampuni yake ni 18. Kwa familia zetu ile ya Iroquois ina uzito wa pekee, kwa sababu mitaa ya kusini ndiyo iliyopokea wahamiaji wengi kwa miaka mingi. Mtoto anaweza kwenda kwa miguu au kwa basi la TARC, akapanda kilima chenye miti mikubwa na kuliona jiji lote likiwa chini yake.

Katikati ya jiji kuna Waterfront Park na daraja la Big Four. Lilikuwa daraja la treni, likakaa miaka mingi bila kazi, kisha likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli mwaka 2013. Upande wa Jeffersonville, Indiana, ulikamilika mwaka uliofuata. Njia ya kupandia inazunguka taratibu kama ngazi ya konokono, kwa hiyo hata bibi mwenye magoti mabovu au mama mwenye kigari cha mtoto anafika juu bila kuhangaika. Jioni ya kiangazi utakuta familia za kila rangi zikitembea kwenda jimbo jingine kununua aiskrimu na kurudi, na hakuna anayedai kiingilio. Bustani za Parklands of Floyds Fork, pembezoni mwa kaunti, ni za kuvutia zaidi kwa ukubwa, zaidi ya hekta 1,500, lakini kule bila gari usijisumbue. Kwa wapenzi wa soka kuna Louisville City, bingwa wa ligi ya USL mwaka 2017 na 2018, na Racing Louisville ya wanawake, zote zikichezea uwanja wa Lynn Family uliofunguliwa mwaka 2020.

Quad Cities mto uko karibu zaidi na maisha ya kila siku. Kuna njia za baiskeli kwenye kingo zote mbili, na daraja jipya la I-74 kati ya Bettendorf na Moline lina njia yake ya watembea kwa miguu, yenye kioo sakafuni ambapo unasimama na kuyatazama maji ya Mississippi yakipita chini ya viatu vyako. Mahali ninapopapendekeza kuliko pote ni Lock and Dam 15, bwawa lenye lango la kupitishia vyombo vya majini, kwenye kisiwa cha Arsenal. Matishari 15 yaliyofungwa pamoja hufika yakisukumwa na meli moja. Chumba cha zege cha kuyashusha kina urefu wa mita 183 tu, kwa hiyo msafara hukatwa vipande viwili, kipande cha kwanza kinapita, kisha cha pili, halafu mabaharia wanaviunga tena kwa nyaya na kuendelea kusini. Mtoto anayeona hilo mara moja huelewa mahindi ya Iowa yanavyofika baharini. Majira ya baridi, mto ukiganda juu, maji chini ya bwawa hubaki wazi, na tai wenye vichwa vyeupe huja kuvua samaki hapo. Kisiwa ni eneo la jeshi, kwa hiyo mkubwa abebe kitambulisho.

Lakini baridi ya huko si ya mchezo. Januari usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 za hasi mara kwa mara, na mto wenyewe una hasira. Davenport haijajenga ukuta wa kudumu wa kuzuia mafuriko. Wakazi walichagua kuendelea kuuona mto. Tarehe 30 Aprili 2019 vizuizi vya muda vilivunjika na maji yakaingia katikati ya mji. Ukitafuta nyumba Davenport, kwanza iulize ramani ya mafuriko, ndipo umuulize dalali.

Owensboro ni habari fupi na nzuri. Smothers Park, iliyofunguliwa upya mwaka 2012 kando ya mto, ina uwanja wa watoto ambao miji mikubwa mara tatu haina: chemchemi za kuchezea maji, vya kupanda, vya kuteleza, yote bure. Ijumaa jioni za kiangazi kuna muziki wa bure palepale mtoni. Kuna pia njia ya Greenbelt ya kutembea na kuendesha baiskeli inayozunguka sehemu kubwa ya mji. Mji ni tambarare na mdogo. Mtoto wa miaka 13 mwenye baiskeli na kofia ya usalama anafika karibu kila mahali ninapopataja hapa, na kwa kigezo changu hilo lina thamani kubwa. Anachokosa ni wingi: timu, ligi na wenzake wa lugha moja ni wachache.

Jambo moja linahusu zote tatu. Mito hii si ya kuogelea kama Tanganyika. Mkondo una nguvu, maji hayaonyeshi kilicho chini, na matishari hayawezi kusimama ghafla. Andikisha watoto kwenye mafunzo ya kuogelea bwawani mwaka wa kwanza, hata kama wanasema wanajua tayari.

Utamaduni

Louisville ndiko alikozaliwa Muhammad Ali, mwaka 1942, na ndiko alikozikwa. Kwa Mkongo jina hilo halihitaji maelezo, maana Oktoba 1974 alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, na wazee wetu bado wanasimulia. Muhammad Ali Center, katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina habari za pigano hilo pamoja na msimamo wake wa kukataa vita. Nawashauri wazazi wamsimulie mtoto jinsi alivyoanza: akiwa na miaka 12 baiskeli yake iliibiwa, akaenda kulalamika kwa polisi mmoja aliyekuwa akifundisha ndondi mahali palepale, na yule polisi akamwambia ajifunze kupigana kwanza. Kijana alikuwa amefika pale kwa baiskeli. Mahali pangekuwa mbali, huenda historia ingekuwa nyingine.

Zaidi ya hapo Louisville ina okestra, baleti, jumba la sanaa la Speed, na tamthilia za Shakespeare zinazochezwa bure kila kiangazi katika bustani ya Central Park ya hapohapo Louisville. Mwishoni mwa wiki ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba, kuna WorldFest, sherehe ya mataifa, ambako vyakula na ngoma za Afrika havikosi. Mbio za farasi za Kentucky Derby, zilizoanza mwaka 1875, hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Tiketi ni ghali, lakini maandamano ya mapambo na fataki za wiki zinazotangulia zinatazamwa barabarani. Usiikose Cultural Pass: ni kibali cha kiangazi kwa watoto na vijana, kinachopatikana maktabani, kinachowafungulia bure makumbusho na vituo vingi vya sanaa. Familia ngapi zimepitisha kiangazi kizima mbele ya televisheni kwa kutojua tu kwamba kibali hicho kipo!

Kwa utamaduni wetu wenyewe, Louisville inaongoza. Makanisa yenye ibada za Kiswahili, kwaya, maduka ya fufu na samaki wakavu, harusi za watu mia tatu, vyote vipo. Faida yake mnaijua. Hasara yake ni kwamba mtu mzima anaweza kuishi miaka mitano bila Kiingereza kumsogelea. Tawi la maktaba la Iroquois lina kikundi cha mazungumzo ya Kiingereza kinachosaidia hapo.

Quad Cities inashangaza kwa sanaa. Jumba la Figge, Davenport, la vioo, lililobuniwa na David Chipperfield na kufunguliwa mwaka 2005, lina mkusanyiko wa michoro ya Haiti ulioanza miaka ya 1960. Mtoto wa Kiafrika akiingia humo anakutana na rangi, masoko na sura za watu wanaofanana na wake, katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Makumbusho ya Putnam, yaliyoanzishwa mwaka 1867, ni ya sayansi na historia. Muziki wa jazi una mizizi kwa sababu ya Bix Beiderbecke, aliyezaliwa Davenport mwaka 1903, na kila Julai maelfu hukimbia mbio za Bix 7, maili 7 za vilima. Agosti, LeClaire na Port Byron hushindana kuvuta kamba ng'ambo hadi ng'ambo ya Mississippi, na meli husimamishwa kupisha mchezo. Jumuiya ya Wakongo ipo, hasa Rock Island na Moline, ndogo kuliko ya Louisville, lakini watu wanafahamiana kwa majina.

Owensboro inajivunia bluegrass, muziki wa kijijini wa vyombo vya nyuzi. Jengo jipya la makumbusho na ukumbi wake lilifunguliwa mwaka 2018, karibu na mto. Banjo, chombo kikuu cha muziki huo, asili yake ni vyombo vya Waafrika waliopelekwa utumwani, na kijana anayependa gitaa atajisikia yuko nyumbani haraka. Mei kuna tamasha la nyama choma, na nyama inayosifika huko ni ya kondoo, jambo ambalo ni nadra Marekani. Ukumbi wa RiverPark Center huleta michezo ya jukwaani. Orodha inakwisha mapema kuliko ya miji mingine, sitaficha.

Popote mtakapokwenda, ulizeni mlangoni kuhusu kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula. Makumbusho mengi ya Marekani hupunguza sana kiingilio kwa wenye kadi hiyo.

Shule

Hapa ndipo tofauti zinapouma.

Karibu Louisville yote na kaunti ya Jefferson iko chini ya wilaya moja ya shule, JCPS, yenye wanafunzi zaidi ya 90,000 na lugha zaidi ya 100. Ukubwa huo unaleta vitu ambavyo mji mdogo hauwezi. Kuna Newcomer Academy kwa wanafunzi wa umri wa sekondari waliofika karibuni na bado hawajui Kiingereza. Kijana aliyekosa miaka ya shule kambini anaanza na walimu wanaoelewa hali hiyo. Kuna shule za mkondo maalumu, za sayansi, sanaa au lugha, na duPont Manual ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Maombi hufanyika msimu wa vuli wa mwaka uliotangulia, kwa hiyo anayehamia Juni amechelewa kwa Agosti.

Usafiri ndio donda. Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, njia mpya za mabasi zilivurugika hadi watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata wilaya iliondoa mabasi kwa nyingi ya shule za mkondo maalumu, kwa upungufu wa madereva. Mipango hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa familia yenye gari moja, shule bora iliyo upande wa pili wa jiji inaweza kuwa haifikiki, na afadhali shule ya karibu yenye mwalimu mzuri wa Kiingereza kuliko jina kubwa lisilo na basi. Huo ni msimamo wangu, na najua wazazi wengine wataukataa.

Quad Cities ni wilaya nyingi ndogo na majimbo mawili yenye sheria mbili. Iowa kuna Davenport, yenye sekondari tatu za Central, North na West, Bettendorf, na Pleasant Valley, yenye sifa ya alama za juu na nyumba za bei. Illinois kuna Rock Island–Milan na Moline–Coal Valley, kila moja na sekondari yake moja, na United Township ya East Moline. Daraja moja linabadilisha haki zako. Sheria ya Illinois inaitaka shule yenye wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja wanaojifunza Kiingereza iandae masomo yanayotumia pia lugha yao. Iowa haina kiwango kama hicho. Kupata mwalimu wa Kiswahili mwenye leseni ni kazi ngumu, lakini mzazi anayeijua sheria anaingia ofisini na hoja mkononi.

Mabasi nayo yako hivyo hivyo. Illinois kwa kawaida humpa basi la bure mwanafunzi anayekaa kilomita 2.4 au zaidi kutoka shule. Iowa ni zaidi ya kilomita 3.2 kwa wadogo na zaidi ya 4.8 kwa sekondari. Kilomita 4.5 kwa miguu, Januari, asubuhi yenye giza! Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba Davenport, pima umbali huo. Mabasi ya umma nayo yamegawanyika, MetroLINK upande wa Illinois na huduma nyingine upande wa Iowa.

Owensboro ina wilaya mbili za umma, ya mji na ya kaunti ya Daviess, pamoja na shule za Kikatoliki. Mkuu wa shule atamjua mtoto wako kwa jina kabla ya mwezi kwisha, na wewe pia. Msaada wa Kiingereza upo, ila usitarajie shule nzima ya wageni kama ya Louisville. Mtoto mdogo atasonga haraka katika hali hiyo. Kijana wa miaka 17 ambaye hajasoma kwa muda mrefu anaweza kuelemewa.

Baada ya sekondari, Kentucky ina KEES, msaada wa masomo unaojilimbikiza kila mwaka kuanzia darasa la tisa kulingana na alama, hadi dola 500 kwa mwaka mmoja wa alama za juu kabisa. Anayehamia mtoto akiwa darasa la kumi na moja amepoteza miaka miwili. Ulizeni mapema hati za ukaazi zinazotakiwa. Louisville inaongeza Evolve502, inayowalipia wahitimu wa JCPS ada ya chuo cha miaka miwili, na Metropolitan College, mpango wa tangu 1998 ambao wafanyakazi wa usiku wa UPS hulipiwa ada. Usingizi utakuwa wa taabu, ila deni halitakuwepo. Owensboro kuna chuo cha jamii na ufundi na tawi la Western Kentucky University. Quad Cities kuna Scott na Black Hawk kwa miaka miwili, St. Ambrose na Augustana kwa minne. Illinois ina ruzuku ya MAP kwa wenye kipato kidogo, Iowa ina Last-Dollar kwa fani zenye uhitaji wa wafanyakazi.

Katika majimbo yote shule ina wajibu wa kukupa mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto wako atafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe.

Kulingana na hali yako

Una kijana wa miaka 15 hadi 18 ambaye Kiingereza bado: Louisville, kwa ajili ya Newcomer Academy, na tafuta nyumba kusini au kwenye mstari wa basi.

Watoto wako ni wa chekechea hadi darasa la tano, mnataka utulivu, na hamwogopi kuwa Waswahili wachache mtaani: Owensboro itawalea vizuri. Louisville ni mwendo wa saa mbili kasoro kwa gari mkihitaji harusi, kwaya au samaki. Kumbuka saa za miji hiyo zinapishana kwa saa moja.

Mna magari mawili na mtoto mwenye kipaji kikubwa cha sanaa au hesabu: Louisville tena, mkiomba nafasi mapema. Mkiwa na gari moja, Rock Island au Moline inaweza kumpa zaidi, kwa sababu sekondari ni moja na vitu viko karibu.

Mzazi ni mgonjwa au mzee na anahitaji watu wa lugha yake kila siku: Louisville kwanza, Rock Island pili. Owensboro upweke ungemzidi.

Mmeshapata kazi Quad Cities na mnabishana ukingo upi: wenye watoto wanaojifunza Kiingereza waanze kutazama Illinois, wenye mtoto aliyekwishazoea shule na fedha ya kodi ya juu watazame Bettendorf na Pleasant Valley.

Bado hamjaamua: nendeni siku ya shule, si Jumamosi. Simameni nje ya shule mnayoifikiria inapotoka, mpande basi la umma hadi nyumba mnayotaka kupanga, mkiwa na saa mkononi. Kisha mpigie simu ofisi ya wilaya, muombe mkalimani wa Kiswahili, muulize maswali mawili: mtoto wangu atapangiwa shule gani kwa anwani hii, na mazoezi ya mpira yakiisha saa kumi na mbili jioni, nani anamrudisha?